Mwaka wa Bua la Mpapai

Jumatano iliyopita nilipiga ukelele mbele za watu kwa sababu ya mrija wa soda. Nina miaka sitini na sita, nimezika wenzangu wengi bila kupaza sauti, na sikutarajia kuaibika siku yangu ya kwanza katika kliniki ya presha hapa Malindi, mbele ya wazee kumi na wawili waliokaa kwenye viti vya plastiki. Muuguzi wetu, binti mmoja wa kijiji cha Ganda aitwaye Kadzo, alitugawia vikombe vyenye maji nusu na mirija. "Leo hakuna sindano, mababu na mabibi," alisema. "Leo tunaufundisha moyo kutulia. Vuteni pumzi kwa pua, hesabuni mpaka nne, kisha itoeni polepole kwa mrija ndani ya maji. Mapovu yasikatike." Hapo ndipo ukelele uliponitoka. Mapovu yasikatike! Mtu wa mwisho kuniambia maneno hayo alikuwa amebakiza siku chache za kuishi, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kikombe kiliniponyoka, maji yakammwagikia mama aliyeketi kushoto kwangu. Nikageuka kumwomba radhi. Alikung'uta buibui lake, akanitazama usoni kwa muda, akasema neno moja tu: "Kwikwi." Kisha akarudi kwenye kikombe chake akaendelea kupuliza, mapovu yake yakitoka sawasawa bila kukatika.

Hakuna aliyekuwa ameniita jina hilo kwa miaka arobaini na saba. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikufa bila kulijua. Wanangu hawalijui. Nilimtazama yule mama tena, nikaondoa makunjo, nikaondoa miwani, na pale chini nikamwona Zuhura, binti wa Mzee Lali mpiga zumari. Nilitaka kuinuka niende zangu, lakini Kadzo alikuwa tayari ananiletea kikombe kingine. Alichoniambia baadaye, tulipokuwa nje tukingoja dawa, kimeniacha na bumbuwazi hadi leo ninapoandika. Lakini hakitaeleweka bila kuueleza kwanza mwaka ule niliokuwa mwanafunzi wa babake.

Vijana wa siku hizi huoa kwa vipaza sauti, kwa hivyo nieleze. Mtaani kwetu bwana harusi alisindikizwa kwa zumari na ngoma kutoka msikitini, baada ya kufunga nikahi, hadi mlangoni kwa bibi harusi. Tulinyamaza mpaka tuupite msikiti, kisha zumari ikaanza, na ikishaanza haikuruhusiwa kukatika, hata kwa muda wa kupepesa jicho, mpaka mguu wa kulia wa bwana harusi ukanyage kizingiti. Sauti ikikatika, ndoa nayo itakatika. Watu wazima, watu waliosoma, waliamini hivyo. Ndiyo maana wapigaji walikuwa wawili. Mmoja alipochoka, wa pili alianza chini yake taratibu, sauti mbili zikawa moja, kisha wa kwanza akaachia bila mtu kujua. Mara ya kwanza Mzee Lali kuniachia sauti peke yangu, katika harusi ya mtaa wa pili, niliona nyuso zote zimenigeukia. Nikavuta pumzi, nikavuta nyingine juu yake, na nyingine, kifua kikajaa pakawa hapana pa kuongeza, na zumari ikalia kama kuku aliyekamatwa, ikanyamaza. Bibi mmoja alishika kichwa: "Astaghfirullah! Wamewavunjia watoto nyumba!" Siku arobaini hazikupita, bibi harusi akarudi kwao. Kila mtu alijua kwamba mume alikuwa na mke mwingine Mombasa aliyemficha, lakini lawama zote ziliangukia koo langu. Tangu siku hiyo nikaitwa Kwikwi. Nikipita vichochoroni, wanawake waliniita kutoka madirishani: "Kwikwi! Kunywa maji, mwanangu, itakuacha!"

Nilidhani Mzee Lali atanifukuza. Badala yake aliniambia niende kwake asubuhi na bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani. Riziki yake hasa ilikuwa cherehani. Alishona kanzu katika chumba cha mbele chenye dari ya boriti, vidaka ukutani vimejaa vibweta vya nyuzi, na dirisha moja lililoingiza mwanga juu ya meza ya cherehani na pembe nyingine zote zikabaki na giza. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na nazi ikikunwa uani. Aliweka beseni la maji miguuni pangu. "Puliza," akasema. "Mapovu yasikatike. Mimi nashona mkono wa kanzu. Ukikata, nami nasimamisha mashine, na Bi Mwanamvua hatoi chai mpaka mkono uishe." Bi Mwanamvua alikuwa mkewe, na mahamri yake na mbaazi za nazi yalinukia chumba kizima, hivyo njaa ndiyo iliyonifundisha kwanza. Siku ya kwanza mashine ilisimama mara thelathini. Tulikunywa chai wakati wa adhuhuri, imepoa, na mzee hakusema neno la ukali. Alinishika shavu kwa vidole viwili vyenye sugu za sindano. "Hapa ni ghala. Pua ni mlango. Ghala linapotoa kupitia mdomoni, mlango unaingiza kidogo, kama mwizi. Usingoje ghala liwe tupu."

Lakini hilo la mashavu ni ufundi tu, hata mjinga angeweza kulijua kwa miezi miwili. Ugonjwa wangu ulikuwa hofu, na mzee aliujua. "Wewe wafikiri umepungukiwa na pumzi," aliniambia siku moja, akikata uzi kwa meno. "Si kweli. Una pumzi nyingi mno. Mtu akiogopa huvuta, huvuta, huvuta. Kutoa ndiko anakosahau. Ukiona moyo wakupiga, usivute. Toa kwanza. Toa mpaka uhisi tumbo limegusa mgongo, hiyo ya kuingia itakuja yenyewe." Akanifanya nitembee kutoka mlangoni mwake hadi kisimani nikitoa pumzi moja kwa hatua saba, kisha hatua nane, kisha kumi. Nilianza kwa kumcheka kimoyomoyo. Baada ya wiki chache nikapita chini ya madirisha ya wale wanawake, nikasikia "Kwikwi!", na nikashangaa kwamba moyo haukuruka. Nilikaribia kurudi nipite tena kwa furaha. Leo Kadzo anatufundisha jambo lile lile kwa maneno ya hospitali, na wazee wenzangu wanatikisa vichwa kana kwamba ni dawa mpya kutoka ng'ambo.

Katikati ya mwaka Zuhura aliposwa na kijana wa Takaungu, na nyumba ikajaa wanawake. Kati ya chumba cha kushonea na ukumbi wa ndani palikuwa na pazia tu, na mtu anayepuliza maji katika beseni husahauliwa upesi. Nilisikia mengi: idadi ya sinia, shangazi gani hasemi na shangazi gani, na kwamba Bi Rukia, mama wa bwana harusi, alikuwa ametuma ujumbe rasmi. Alikuwa amesikia habari zangu huko Takaungu. Mwanawe hatasindikizwa na yule kijana wa kwikwi. Bi Mwanamvua akashusha sauti, nami nikapuliza kwa utulivu zaidi ili nisikie. "Na babako kifua chake hakifiki msikitini na kurudi, kitafikaje na zumari? Jana nimeona damu kwenye leso." Bua lilinitoka mdomoni. Mashine upande wangu ilisimama, na Mzee Lali, ambaye alisikia yote kama mimi, alinionyesha beseni kwa kidole, akaendelea kushona. Ndani, Zuhura alikuwa akilia. "Basi mwambieni asipige. Lakini huyo Athmani wenu wa kwikwi simtaki. Mama, nataka nyumba yangu isianze na mkosi." Nilikuwa na umri wa kupenda kusifiwa, na maneno yale yalinichoma, wala sikumlaumu. Kilichonishtua ni damu. Nilimtazama mzee akipindisha ukosi wa kanzu, kanzu ya mkwewe, nikarudisha bua mdomoni.

Kukawa na mzozo. Ndugu yake Mzee Lali alisema ni aibu, baba mkwe kumpigia mkwewe zumari barabarani. Mzee Lali akajibu kwamba mkwe wake hatakuwa na sauti nyingine ila ile iliyomlea Zuhura, na aonaye aibu afumbe macho. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniambia mpango wake. Yeye ataanza, watu wamwone, Bi Rukia aridhike. Mimi nitakuwa bega kwa bega naye, nimeshika sauti chini yake njia nzima. "Atakayesikia atadhani ni mimi," akasema. "Nikitoka, usivute. Toa kwanza." Nikamuuliza akitoka vipi. Akasema, "Chai yapoa."

Harusi ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Tuliupita msikiti, ngoma ikaingia, mzee akaanza. Sauti ilikuwa ile ile ya siku zote, nene na tamu, na watu walitazamana kwa raha. Nikaingia chini yake. Mkono wake wa kushoto ulipokuwa huru aliniwekea begani, nami nikahisi uzito wake ukiongezeka kila tulipokata kona. Ilibaki kona moja, penye duka la mafuta ya taa. Nakumbuka vizuri, au hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Jumatano. Mkono ulitoka begani. Kwa pembe ya jicho nilimwona ameketi kwenye baraza ya duka, kisha nikamwona amelala ubavu, kofia imeanguka. Moyo ukataka kuruka. Nikatoa pumzi kwanza. Mashavu yakajaa, pua ikafunguka, na sauti ikabaki yangu peke yangu, haikutikisika hata kidogo. Utulivu ulionishukia sijawahi kuuonja tena. Nilitembea hatua sitini zilizobaki, nikaona mguu wa kulia wa bwana harusi ukikanyaga kizingiti, vigelegele vikapasuka, na ndipo nyuma yetu nikasikia mtu akilia kwa sauti, kisha wengi. Mzee Lali alikuwa amekufa pale barazani. Mimi nilikuwa nimempita.

Sikwenda mazishini. Alfajiri nilipanda lori la makaa hadi Kilifi, nikapata kazi katika kiwanda cha korosho, nikaoa huko, nikazeekea huko. Zumari sikuishika tena. Watu hudhani mtu hukimbia kwa sababu ya kifo alichokiona. Mimi nilijikimbia mwenyewe. Nilishtushwa na ule utulivu. Ni mtu gani anayemwona mwalimu wake anaanguka na kuhesabu pumzi? Kama ningesimama, umati ungesimama, na huenda mtu angembeba mzee hospitali wakati angali hai. Kwa miaka yote hiyo, kila nilipojikuta natulia penye shida, nilijishuku. Mke wangu alipokuwa katika uchungu wa mtoto wa kwanza, moyo ukinipiga huko nje, nilikumbuka kutoa kwanza, nikakataa. Nikaacha mikono itetemeke. Msimamizi kiwandani akinifokea, nilichemka mpaka masikio yakavuma, nikaona afadhali. Daktari anauliza presha imetoka wapi. Mwaka jana binti yangu aliyeko mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, alinileta nikae naye, nami nikawa nazunguka mbali ili nisipite mtaa wa zamani.

Sasa nirudi kliniki. Baada ya zoezi tulikaa kwenye benchi la nje, mbele ya kidirisha cha dawa, mimi na Zuhura, na kati yetu mfuko wake wa mboga. Nilijua nikinyamaza nitakufa nalo. Nikasema, "Zuhura, nimekukosea, na nimekaa na kosa hilo maisha yangu yote. Nisamehe. Sikusimama."

"Hukusimama wapi?"

"Pale kona ya duka la mafuta. Baba alipoanguka. Nilimwona, nikaendelea kupiga."

Alinigeukia mwili mzima. "Athmani, wewe waumwa presha ama kichwa?"

"Zuhura..."

"Ulisimama! Mtaa mzima wajua ulisimama. Mimi nilikuwa ndani, hina haijakauka mikononi, nimetega sikio. Sauti ilikatika. Wala si kidogo. Nilisoma Fatiha mara tatu na haikurudi. Nilijua babangu amekufa kabla mtu yeyote hajaniambia."

Nilimwambia kwamba nilitembea hatua sitini zilizobaki, nikafika mlangoni nikipiga, naukumbuka mguu wa bwana harusi kizingitini. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Ulifika, ndiyo. Walikufikisha. Ulitupa zumari chini, ukamwangukia baba ukipiga mayowe, wanaume wanne wakashindwa kukutoa. Kanzu yako ilichanika hapa mpaka hapa. Wakamwingiza baba dukani, baba mkwe wangu akasema bwana harusi hawezi kurudia njiani, mpeni kijana zumari yake amalizie. Wakakusimamisha. Ukapiga. Hizo ndizo hatua zako sitini."

Nilishika benchi kwa mikono miwili. Nilimtafuta katika uso wake mtu anayenihurumia, maana watu huwaongopea wazee kwa huruma, lakini Zuhura hakuwa na huruma hata chembe. Alikuwa amekasirika. "Wajua nyumba yangu iliitwaje huko Takaungu? Nyumba ya sauti iliyokatika. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, Bi Rukia alisema, si nilisema? Jiko lilipobomoka kwa mvua, si nilisema? Nimekaa na mume wangu miaka arobaini na moja, mpaka kifo kikamchukua, na kila mwaka yule mama alikuwa akingoja tuachane. Na mimi kila mwaka nilikuwa nikikulaani wewe. Nikisema, si angepiga tu! Baba alikuwa keshaondoka. Angepiga tu!"

Kadzo alitokeza mlangoni, akatutazama, akarudi ndani. Nilitaka kufurahi. Mtu akiambiwa kwamba yule katili aliyeishi naye miaka arobaini na saba hakuwahi kuwapo, si afurahi? Lakini nilikuwa nimeduwaa, nikijaribu kuliona jambo lile, kanzu iliyochanika, mayowe yangu mwenyewe, na sikuliona hata kidogo. Niliona kona, nikaona kofia imeanguka, nikasikia zumari. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia kwamba kama si yeye ningekufa nikiamini.

Hasira ilimtoka usoni, na mahali pake pakaja kitu kingine ambacho niliogopa zaidi. Alisogeza mfuko wa mboga, akakaribia. "Basi nami nina la kukuuliza. Nimelingoja tangu siku ile, lakini ulikimbia, na nilikuwa nimekukasirikia mno kukutafuta. Bakari mpiga ngoma, kabla hajafa, aliniapia kwamba baba alikuwa hai ulipomwinamia. Alisema midomo ya baba ilikuwa sikioni mwako, na wewe ulikuwa ukiitikia, naam, naam. Kisha ndipo ukapiga mayowe." Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Alisema nini, Athmani?"

Nilifumba macho, nikaingia pale barazani kwa nguvu zangu zote. Hakuna. Kulikuwa na wimbo tu, safi, haujakatika, umejaza kila mahali palipopaswa kuwa na maneno. Nilikuwa na jibu zuri ulimini, sikatai. Ningeweza kumwambia kwamba babake alisema radhi zake ziko naye, akae na mumewe kwa wema. Angelia, angeshukuru, tungeachana vizuri. Nilifumbua macho, nikaona anavyonitazama, mwanamke wa miaka sitini na kitu akimngojea babake.

"Sikumbuki," nikasema.

Hakuniachia mkono. Jina lake liliitwa kwenye kidirisha cha dawa, likaitwa mara ya pili, ndipo akainuka, akachukua vidonge vyake, akavitia mfukoni kati ya mchicha na bilingani, akarudi kusimama mbele yangu.

"Basi kumbuka," akasema. "Mimi huja hapa kila Jumatano."